Ushuru huu umetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ushuru wa forodha na mipaka ya madaraka ya Serikali

Kabla ya kusomea sheria nilikuwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, nikishinda kati ya bandari, ofisi za mizigo na maduka ya wateja wangu Kariakoo. Kazi niliiacha, simu hazikuniacha. Mwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo ananitumia picha ya karatasi ya makadirio saa nne usiku na neno moja tu: "Halali?" Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mwaka, hasa Juni na Julai. Majibu ni ya jumla. Jambo lako likiwa kubwa, mtafute wakili alione faili lenyewe.

Rais au Waziri anaweza kuamka asubuhi akatangaza ushuru mpya?

Kwa Katiba yetu, hapana. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na kutiwa nguvu na sheria ya Bunge.

Soma tena baada ya ile "au". Hapo ndipo penye mlango. Ibara ya 97 nayo, ibara ndogo ya 5, inaliruhusu Bunge kumkabidhi mtu au idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria. Kwa hiyo Waziri hawezi kubuni kodi kichwani mwake, ila Bunge linaweza kutunga kifungu kinachomwambia: tozo ipo, viwango utavipanga wewe kwa kanuni. Kesi nyingi za kodi hapa kwetu haziulizi kama Serikali imetoza bila sheria yoyote. Zinauliza kama kanuni imevuka kile ambacho sheria mama iliruhusu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia ni lilelile: namba ya GN, yaani Tangazo la Serikali, ni ngapi? Tangazo la Serikali huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, lina namba na mwaka, na linataja kifungu cha sheria kilichompa Waziri mamlaka. Kanuni inayokinzana na sheria mama haina nguvu kwa kiasi cha ukinzani huo. Na kanuni hizo hupelekwa bungeni, ambako kuna Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo inayozichambua, kamati ambayo wafanyabiashara wengi hawajui hata kama ipo.

Waziri wa Fedha akimaliza kusoma bajeti jioni, ushuru umeshaanza?

Bado. Alichosoma ni mapendekezo. Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa, hupitishwa, Rais husaini, na kwa kawaida vipengele vyake huanza tarehe 1 Julai. Wauzaji wa jumla wanaopandisha bei usiku uleule wa hotuba wanabashiri soko. Sheria haijawaagiza.

Jambo moja wengi hulishangaa: mbunge wako hawezi kusimama akaongeza kodi kwa utashi wake. Ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia hoja ya kutoza au kubadilisha kodi mpaka Rais awe ameipendekeza na pendekezo likawasilishwa na Waziri. Kupunguza ndiko kumeachwa nje ya zuio hilo. Kwa hiyo ukimwandikia mbunge, mwombe apunguze. Hapo mkono wake unafika.

Mbona wanasema ushuru wa forodha unapangwa Arusha, si Dodoma?

Wanasema kweli, maana Arusha ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hili ndilo swali ambalo watu hukosea zaidi, wakiwemo wanasheria.

Tangu tarehe 1 Januari 2005 tumo kwenye Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Itifaki yake ilisainiwa Machi 2004, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya. Sheria hiyo ndiyo inayotumika Bandari ya Dar es Salaam, Namanga, Mombasa na Malaba. Kifungu chake cha 253 kinaipa nafasi ya juu ya sheria za nchi wanachama kwa mambo inayoyahusu. Kwa maana hiyo, ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hauamuliwi na nchi moja peke yake.

Viwango vya Pamoja vilianza na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35. Pembeni yake kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Mchele ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Mitumba ni asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, kwa mtindo huohuo.

Je, hiyo ina maana mikono ya Waziri wetu imefungwa kabisa? Hapana. Kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana, na kila nchi huomba ruhusa zake. Moja inaomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, itoze zaidi ili kulinda kiwanda chake au itoze pungufu kwa sababu bidhaa haipatikani. Nyingine inaomba msamaha wa ushuru kwa malighafi za viwanda vilivyotajwa. Baraza la Mawaziri likikubali, huchapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya, kwa kawaida kuelekea mwisho wa Juni. Kwa hiyo ukiambiwa bidhaa yako "imepandishwa na bajeti", tafuta karatasi mbili: Sheria ya Fedha kwa kodi za ndani, Gazeti la Jumuiya kwa ushuru wa forodha. Isipokuwemo kwenye Gazeti la Jumuiya, kiwango cha pamoja kinabaki palepale.

Ruhusa hizi za mwaka mmoja zimekuwa nyingi mno, ukiniuliza mimi. Kila nchi ikijikatia kipande chake, neno "pamoja" linabaki kwenye jalada. Ila ni halali, maana zinapitia mlango uliowekwa na itifaki yenyewe.

Asilimia 25 ikiwa 35, mimi inanigusa kiasi gani?

Chukua mzigo ambao thamani yake ikijumuisha bei, bima na usafirishaji hadi bandarini ni shilingi milioni 10. Kwa asilimia 25, ushuru ni milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye milioni 10. Inapigwa kwenye 12.5, kwa hiyo ni milioni 2.25. Jumla 4.75.

Sasa weka 35. Ushuru milioni 3.5, VAT juu ya 13.5 ni milioni 2.43, jumla 5.93. Ongezeko ni shilingi 1,180,000, na hapo sijagusa tozo ya reli, ushuru wa bidhaa kwa zile zinazohusika, ada ya forodha na gharama za bandari.

Kwa mitumba hesabu ni ya mzani. Belo la kilo 45 likitozwa kwa uzito ni dola 18. Likiwa na thamani ya dola 60, asilimia 35 ni dola 21, utalipa 21. Likiwa la dola 40, asilimia 35 ni dola 14, utalipa 18. Mwenye belo la "daraja la tatu" ndiye anayebanwa zaidi kwa kila shilingi aliyonunulia, na hilo halionekani ukisoma neno "asilimia 35" peke yake.

Tozo za miamala za mwaka 2021 zilikuwa halali?

Naulizwa hili mpaka leo, na ninapenda kulijibu kwa sababu linaonyesha mtambo mzima ukifanya kazi.

Sheria ya Fedha ya 2021 iliingiza kifungu kipya kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Kifungu kikaweka tozo kwenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, na jedwali la viwango, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, likaja kwa kanuni za Waziri. Makato yakaanza tarehe 15 Julai. Nakumbuka siku ile kwa wakala wa fedha jirani yangu: mama mmoja alitoa hela ya ada ya shule, akatazama ujumbe kwenye simu, akamrudishia wakala simu asome yeye, kisha akamwambia, "Kijana wangu, umekosea." Kijana hakuwa amekosea.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zile. Wakati huohuo kelele mitaani zilikuwa kubwa. Septemba 2021 viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, na punguzo hilo lilifanywa kwa kurekebisha kanuni, bila kungoja Sheria ya Fedha nyingine. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi shilingi 4,000 huku tozo ikipanuliwa kugusa benki, kelele zikarudi, vipengele vikapunguzwa tena. Bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma.

Jibu langu: kuwepo kwa tozo kulikuwa na sheria ya Bunge nyuma yake, kwa hiyo anayesema "Waziri alijitungia" anakosea. Lakini kuliachia jedwali zima mikononi mwa Waziri, kwa kodi inayogusa karibu kila mwenye simu, ni kulitumia Bunge kama mhuri. Kinachopandishwa kwa kalamu ya kanuni hushushwa kwa kalamu hiyohiyo. Safari ile tulinufaika na wepesi huo. Wepesi huohuo unaweza kutumika kinyume.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 ilipitishwa kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, na ikaondolewa mwaka huohuo baada ya watu kuipigia kelele. Ile ilikuwa imeandikwa kwenye sheria yenyewe, kwa hiyo hata kuiondoa kulilazimu kurudi bungeni.

Kiongozi ametangaza kwenye mkutano kwamba utaratibu umesitishwa. Nifuate tamko au sheria?

Mei 2023 Kariakoo ilifungwa. Wafanyabiashara waligoma wakilalamikia usajili wa stoo, kikosi kazi cha kodi na mengine. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Mnazi Mmoja, akawasikiliza mchana kutwa, akatoa maagizo ya papo kwa papo, likiwemo la kusimamisha usajili wa stoo. Maduka yakafunguliwa.

Agizo la namna hiyo linamfunga ofisa aliye chini ya Serikali: akiambiwa asimame, atasimama. Halifuti kifungu. Kama kanuni haijafutwa kwa Tangazo la Serikali, iko hai, imelala tu, na siku ofisa mwingine akiiamsha huna cha kumwonyesha zaidi ya video ya mkutano. Nawaambia wateja wangu washerehekee tamko jioni, na wiki inayofuata waulize GN ya kulitekeleza ni ipi. Kwa upande wa pili pia: mkuu yeyote akitangaza jukwaani kwamba kuanzia Jumatatu kila gari litalipa kiasi fulani, muulize kwa adabu ni sheria gani au sheria ndogo gani.

Kodi, ushuru, tozo, ada: si kitu kimoja?

Mfukoni ndiyo, kimoja. Kisheria, ada ni malipo ya huduma au kibali unachopewa, na kodi hutozwa hata kama hupewi kitu mkononi. Desemba 2018 Rais Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wengi walikifurahia kwa sababu kilimwondolea machinga bughudha za kila siku. Swali la mwanasheria lilikuwa jingine: kile kiasi ni gharama ya kitambulisho, au ni kodi ya mwaka iliyovaa kanzu ya kitambulisho? Ukilipa kitu kinachoitwa ada, tazama kama kiasi kinaendana na huduma. Kikizidi sana, jina halikiokoi.

Na ushuru wa halmashauri sokoni?

Unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa na sheria ndogo za halmashauri, ambazo lazima zipitishwe na Waziri mwenye dhamana. Mkusanyaji asiye na mashine na risiti, mwache aende zake.

Serikali inaweza kuzuia bidhaa kabisa bila kwenda bungeni?

Mara nyingi ndiyo, na hapa watu hushangaa: kuzuia ni rahisi kuliko kutoza. Zuio si kodi, kwa hiyo Ibara ya 138 hailigusi, na sheria za afya ya mimea, chakula na biashara zimempa Waziri husika mamlaka ya kutoa amri. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo Hussein Bashe alizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, akijibu vizuizi vya nchi hizo kwa mazao yetu. Mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa baada ya muda mfupi. Wenye tufaha za Afrika Kusini kwenye makontena ya baridi ndio wanaojua urefu halisi wa "muda mfupi".

Trump alitozaje dunia nzima ushuru, na mahakama ilisemaje?

Katiba ya Marekani, kama yetu, inaweka kodi na ushuru mikononi mwa Bunge lao, Congress. Kwa miaka mingi Congress imemgawia Rais vipande vya mamlaka hayo kwa sheria mbalimbali, kila moja ikiwa na masharti yake: uchunguzi ufanyike kwanza, sababu itajwe, muda uwe na mwisho.

Mwaka 2025 Donald Trump aliruka masharti hayo kwa kutumia sheria ya 1977 ya mamlaka ya kiuchumi wakati wa dharura. Alianza na Canada, Mexico na China, akitaja dawa za kulevya. Tarehe 2 Aprili akatangaza viwango kwa karibu kila nchi. Tanzania ilipangiwa asilimia 10, kile cha chini. Lesotho, nchi ndogo inayoshona nguo, iliandikiwa asilimia 50.

Waliokwenda mahakamani si mataifa makubwa. Alikuwemo mwagizaji mdogo wa mvinyo wa New York na watengenezaji wa vifaa vya watoto vya kujifunzia wa Illinois. Ungewaweka Mtaa wa Msimbazi wangefanana na wateja wangu. Hoja yao ilikuwa fupi: sheria ya 1977 inamruhusu Rais "kudhibiti" uingizaji wa bidhaa, lakini neno ushuru halimo humo. Serikali ikajibu kwamba kutoza ni namna mojawapo ya kudhibiti. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ikawapa ushindi wafanyabiashara tarehe 28 Mei 2025. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo tarehe 29 Agosti, majaji 7 kwa 4. Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja Novemba, na tarehe 20 Februari 2026 ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba sheria ile haimpi Rais mamlaka ya kutoza ushuru.

Mambo hayakuishia hapo. Trump aligeukia sheria nyingine, ya mwaka 1974, inayoruhusu ushuru wa muda usiozidi asilimia 15 na siku 150, mpaka Congress iongeze. Tazama tofauti: ya kwanza haikuwa na dari wala tarehe ya mwisho, ya pili inavyo vyote. Mahakama haikusema ushuru ni sera mbaya. Ilisema mlango aliopitia si mlango.

Ushuru ule wa Marekani nalipa mimi ninayeuza bidhaa huko?

Karatasi ya forodha analipa mwagizaji wa kule. Wewe utaujua pale atakapokupigia akiomba mgawane.

Kwa majirani je? Kenya si walifuta Sheria ya Fedha nzima?

Mahakama ya Rufani ya Kenya iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa batili tarehe 31 Julai 2024, hoja mojawapo ikiwa namna wananchi walivyoshirikishwa. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu yao ikaupindua uamuzi ule, na sheria ikabaki. Muswada wa 2024 ulikuwa umeshaondolewa na Rais Juni, baada ya maandamano. Usichanganye majina: "Mahakama Kuu" yetu iko chini ya Mahakama ya Rufani, wakati "Mahakama ya Juu" ya Kenya ndiyo ya mwisho kwao.

Mzigo wangu uko baharini na kiwango kimepanda. Nitalipa kipi?

Kile kinachotumika wakati bidhaa inapoingizwa kwenye forodha kwa matumizi ya ndani. Siku uliyomlipa muuzaji wa Guangzhou haihesabiki, wala siku meli ilipong'oa nanga.

Nimetozwa zaidi ya ninavyostahili. Nianzie wapi?

Anza na kalenda, kisha ndiyo uandike barua. Nina sababu ya kusema hivi.

Nilikuwa na mteja wa friji za duka, zile zenye mlango wa kioo. Ofisi moja, siitaji, ikazihamishia kwenye namba nyingine ya HS, yaani namba ya kuainisha bidhaa inayoamua kiwango cha ushuru, na kiwango kikapanda. Tulikuwa na katalogi ya mtengenezaji na picha, na mzigo wa kwanza wa aina ileile ulikuwa umepita bila tatizo. Niliandika barua nzuri, kurasa nne, naikumbuka mpaka leo. Nilihesabu siku 30 kuanzia siku karatasi iliponifikia mkononi. Sheria inahesabu kuanzia tarehe ya uamuzi, na uamuzi ulikuwa umekaa mezani kwa mtu siku tano. Barua yangu ilipokelewa, ikagongwa mhuri, ikajibiwa kwa sentensi mbili: nje ya muda. Mteja alilipa. Hakunilaumu kwa mdomo.

Njia ni hii. Kwa ushuru wa forodha, kifungu cha 229 cha Sheria ya Jumuiya kinakupa siku 30 tangu uamuzi kumwomba Kamishna aupitie upya. Umechelewa kwa ugonjwa, safari au sababu nyingine ya msingi? Unaweza kuomba upokelewe, ukithibitisha sababu, jambo ambalo mimi kwa ujana wangu sikulijua. Kamishna naye ana siku 30 za kukujibu. Asipokujibu ndani ya siku hizo, ombi lako linahesabika limekubaliwa. Kifungu hiki wengi hawakijui, na ndiyo maana nakala yako lazima iwe na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka.

Ukikataliwa, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria tu. Usikimbilie mahakama ya kawaida na mgogoro wa makadirio. Utarudishwa mlangoni.

Kwa kodi za ndani, kama VAT ya mauzo na kodi ya mapato, sheria ni nyingine, ile ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Pingamizi ni ndani ya siku 30 pia, lakini unatakiwa kwanza uweke theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kilicho kikubwa. Theluthi hiyo imewanyamazisha wengi wenye hoja nzuri. Sheria inaruhusu kuomba ipunguzwe au isamehewe kwa sababu za msingi. Omba kwa maandishi.

Na kama ulilipa kwa makosa na hakuna ubishi, dai marejesho ndani ya miezi 12 tangu ulipolipa.

Nikitaka kuipinga kanuni yenyewe, si hesabu yangu tu?

Hapo ndipo Mahakama Kuu inapoingia. Kuna maombi ya mapitio ya kimahakama, ambayo huanza kwa kuomba kibali ndani ya miezi sita, ukionyesha kwamba Waziri au mamlaka ilivuka mipaka au haikufuata utaratibu. Kuna pia shauri la kikatiba. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda Katiba, ila marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yanamtaka mlalamikaji wa haki za msingi aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mimi naona marekebisho yale yalibana mlango uliokuwa wazi. Kwa mfanyabiashara mwenye karatasi ya malipo mkononi, hata hivyo, kiapo hicho si kigumu: karatasi ndiyo athari.

Na kuna Arusha. Nchi ikivunja Mkataba wa Jumuiya, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ndani ya miezi miwili tu. Mwaka 2019 mahakama hiyo iliamua dhidi ya Uganda katika shauri la kampuni ya sigara, kwa sababu sheria ya Uganda ilitoza sigara zilizotoka Kenya ushuru wa juu kuliko za ndani.

Zanzibar inahusikaje?

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano. Kwa kodi zisizo za Muungano, Baraza la Wawakilishi lina mamlaka yake, na Ibara ya 138 yenyewe inasema hivyo. Ndiyo maana televisheni iliyonunuliwa Darajani inaweza kuulizwa maswali ikishuka kwenye boti hapa Dar.

Karatasi zipi nisitupe?

Ankara ya muuzaji, uthibitisho wa benki kwamba ulilipa kiasi hichohicho, TANSAD (hati ya tamko la mzigo forodhani), karatasi ya makadirio, kontroo namba na risiti yake, na kila barua yenye mhuri. Risiti za mashine ya EFD zitolee nakala siku hiyohiyo. Yule wa vitenge alizitunza zake zote kwenye boksi la viatu juu ya kabati, chini ya bati. Tulipolifungua kutafuta ya Machi, zilikuwa nyeupe pande zote mbili.